Gia ya tatu iliyoungua mara mbili: uchambuzi wa kisa cha giaboksi ya oto kwenye gari la drag, Mtwara

## Gari na kazi yake

Gari ni sedani ya Toyota ya miaka ya 1990, inayosukumwa na magurudumu ya nyuma, iliyopandishiwa injini ya 1JZ-GTE toleo la kwanza (lile lisilo na VVT-i, mfumo wa kubadilisha muda wa valvu kufunguka) pamoja na giaboksi ya oto ya A340E. Jina la mwenye gari, gereji zilizohusika na kila kinachoweza kulitambulisha gari vimeondolewa.

Injini hiyo ya silinda 6 na lita 2.5 ilitangazwa na kiwanda kuwa na ps 280 na Nm 363. Turbo zake mbili ndogo zilitolewa ikawekwa moja kubwa, na presha ya turbo ikapandishwa kutoka takriban bar 0.7 hadi bar 1. Manifoldi ya kuingizia hewa nayo ilibadilishwa ili throto (mlango wa kuingiza hewa kwenye injini) iangalie mbele, na throto yenyewe ikawa kubwa zaidi. Badiliko hilo la mwisho lilionekana dogo kuliko yote, na ndilo lililoua giaboksi.

Mwenye gari hulitumia mjini Mtwara siku za kawaida, na mara chache hulipeleka kwenye mbio za drag, za mstari ulionyooka wa mita 402, katika uwanja uliofungwa kwa ruhusa. Vipuri vya giaboksi hushushwa kwa basi kutoka Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 500, kwa hiyo kuagiza kitu kisicho sahihi ni kupoteza siku na hela.

## Ilivyoharibika

Dalili ya kwanza ilitokea kwenye gesi kamili, gia ya pili ikiingia ya tatu. Mshale wa rpm ulipanda ghafla kutoka 4,500 kuelekea 6,000 huku gari likiwa halijaongeza mwendo, kisha gia ikashika kwa kishindo. Siku zilizofuata rivasi ikaanza kuchelewa: unaweka R, unasubiri, ndipo gari linashtuka. Mjini, kwa mwendo wa polepole, gari lilikuwa zuri tu.

Gereji ya kwanza ilifungua giaboksi, ikakuta pleti za klachi ya C2 zimeungua, ikaweka pleti mpya na sili mpya, ikafunga. Oili ikabadilishwa. Gari likatembea vizuri mjini kwa wiki chache. Lilipopewa gesi kamili mara kadhaa, gia ya tatu ikaanza kuteleza tena, na safari hii ikaungua kabisa: injini ikipata moto, ya tatu haipo.

Mwenye gari alipolipeleka gereji ya pili alikuwa na jibu mkononi. "Kaka, hizo pleti walizoweka ni feki. Tuagize za Japani, hayo mengine yapo sawa."

Fundi alichomoa kijiti cha oili, akapaka tone kwenye karatasi nyeupe, akamwonyesha. Katikati palikuwa peusi, pembeni kahawia, na harufu kama ya maganda ya korosho yaliyoungua. "Pleti feki zingeungua pole pole. Hizi zimepikwa. Kabla hatujaagiza kitu, tupime presha ya oili."

## Vipimo kabla ya kufungua

Hapa ndipo gereji hizi mbili zilipoachana njia, kwa hiyo inafaa kwenda taratibu.

Kwanza ni kujua klachi ipi inafanya kazi wapi. Kwenye A340E, gia ya kwanza inabebwa na C0, C1 na klachi za njia moja F0 na F2. Ya pili inaongeza breki ya B2 pamoja na F1. Ya tatu inaongeza C2. Rivasi inatumia C0, C2 na B3. Gari linaloteleza kwenye ya tatu na kuchelewa rivasi, huku ya kwanza na ya pili zikiwa nzima, linakuonyesha kidole kwenye C2 moja kwa moja, kwa sababu ndiyo pekee iliyopo kwenye gia hizo mbili na haipo kwenye zile nzima.

Pili ni kupima muda wa gia kuingia, oili ikiwa ya moto na injini ikiwa idle (inanguruma bila gesi). Toyota inataka N kwenda D isizidi sekunde 1.2, na N kwenda R isizidi 1.5. Hapa D ilikuwa 0.9, R ilikuwa 2.4.

Tatu ni presha. Kwenye bodi ya giaboksi kuna plagi ya kupimia. Inafunguliwa, inafungwa geji ya oili inayofika angalau bar 20, yenye mpira mrefu wa kutosha kumfikia mtu aliyekaa kwenye usukani. Gari likiwa D na idle, geji ilisoma bar 3.7, ambayo ni kawaida. Kisha kikafanyika kipimo cha stoli: magurudumu yote yamewekewa vizuizi, breki ya mkono imevutwa, mguu wa kushoto umekandamiza breki hadi mwisho, gia D, gesi kamili kwa muda usiozidi sekunde 5, halafu N na kusubiri dakika nzima oili ipoe. Hakuna mtu anayesimama mbele wala nyuma ya gari wakati huo. Geji ilitakiwa kufika kwenye bar 9 hadi 11. Ilifika 6.2.

Nguvu ya klachi kushika ni presha ya oili mara eneo la pistoni, ukitoa kwanza kile kinachochukuliwa na springi za kurudisha pistoni. Presha ikishuka hadi asilimia 60, klachi inabaki na chini ya asilimia 60 ya uwezo wake, kwa kuwa springi haipunguzi mgawo wake. Pleti za aina yoyote duniani, zikibanwa kwa nusu ya nguvu mbele ya turbo ya bar 1, zitateleza, na kuteleza ni moto.

Tatizo lilikuwa kwenye kebo inayotoka kwenye throto hadi kwenye giaboksi. Mafundi wengi huiona kama kebo ya kushusha gia tu, na kwenye A340E hii wazo hilo ni hatari. Muda wa kubadilisha gia huamuliwa na kontrol boksi kwa kusoma sensa ya throto na mwendo wa gari. Kebo kazi yake ni kuiambia valvu bodi (bodi ya valvu inayogawa oili kwenye klachi) injini inasukuma kiasi gani, ili presha ipande kulingana na mzigo. Kwa hiyo gari linaweza kubadilisha gia kwa wakati sahihi kabisa huku klachi zikibanwa kwa presha ya gari linalotambaa sokoni. Ukiwa idle kebo imelegea hata kwenye gari zima, ndiyo maana presha ya idle ilikuwa sawa na mjini hakuna aliyehisi kitu.

Kitabu cha Toyota kinasema throto ikiwa wazi kabisa, kizuizi kilichobanwa kwenye waya wa kebo kiwe umbali wa milimita 0 hadi 1 kutoka mdomo wa ganda lake. Hapa kilikuwa milimita 13.

## Maamuzi na sababu zake

Kebo kwanza. Njia rahisi ilikuwa kusogeza breketi iliyochomelewa kushikilia kebo hadi kizuizi kifike milimita 0 hadi 1. Ilijaribiwa, na gesi kamili ikawa sawa, lakini sasa kebo ilikuwa imevutwa hata gesi ikiwa imeachiwa. Throto mpya ilikuwa na puli ndogo kuliko ya awali, kwa hiyo ikizunguka hadi mwisho ilivuta waya mfupi zaidi. Kusogeza breketi kunarekebisha ncha moja na kuharibu nyingine: presha ya idle inakaa juu, gia zinagonga mjini, pampu na sili zinachoka bure. Suluhisho likawa kukata puli ya throto ya awali na kuifunga kwenye shafti ya throto mpya, kisha kupima mvuto wa waya kutoka gesi sifuri hadi gesi kamili na kuulinganisha na wa throto ya kiwanda. Ni kazi ya nusu siku. Baada ya hapo idle ilisoma bar 3.8 na stoli bar 10.1.

Kutopandisha presha zaidi ya hapo. Wapo wanaoweka washa (pete bapa ya chuma) nyuma ya springi ya valvu ya kurekebisha presha ili gia ziingie kwa nguvu. Hapa ilikataliwa. Washa inapandisha presha wakati wote, hata gari likisubiri kwenye foleni, na huwezi kujua pleti zilipona kwa sababu ya kebo au kwa sababu ya washa. Kwa nguvu ya gari hili presha ya kiwanda inatosha, mradi ifike.

Badala yake zilibadilishwa springi za akyumuleta za C2 na B2 kwa ngumu zaidi. Akyumuleta ni pistoni ndogo inayomeza oili kidogo gia inapoingia, ili abiria wasirushwe. Ikimeza kidogo, klachi inateleza kwa muda mfupi zaidi.

Pleti na nafasi zake. C2, C0 na B2 zote zilipata pleti mpya za msuguano na pleti mpya za chuma. Gereji ya kwanza ilikuwa imerudisha pleti za chuma za zamani zikiwa na madoa ya bluu, na chuma kilichopata moto kiasi hicho huwa kimepinda hata kama jicho halioni; ukikilaza juu ya kioo na kupitisha fila geji pembeni utaona. Nafasi ya pleti za C2 kusogea ilipopimwa ilikuwa milimita 2.6. Kanuni wanayoanzia mafundi wengi ni takriban milimita 0.25 kwa kila pleti ya msuguano, na kipimo cha kitabu cha giaboksi husika ndicho chenye neno la mwisho. Ilishushwa hadi 1.4 kwa kuchagua pleti ya mwisho iliyo nene zaidi. Nafasi ikizidi, pistoni inasafiri mbali, gia inachelewa, na injini inapata mwanya wa kupandisha rpm. Ikipungua mno, pleti zinasuguana hata zikiwa zimeachiwa.

Pleti mpya zililowekwa kwenye ATF (oili ya giaboksi ya oto) usiku kucha. Dakika 15 ndicho kiwango cha chini. Kila pistoni ilijaribiwa kwa hewa ya bar 4 hadi 8 kabla ya kufunga: unataka mlio mmoja mzito wa pistoni kufika, kisha kimya. Mluzi wa hewa unaoendelea ni pete au sili iliyokatika. Hapa pete moja inayozibia oili ya C2 ilipatikana imekwaruzwa, pengine ilipolazimishwa kuingia mara ya kwanza. Hewa ya kompresa ipitishwe kwenye kichujio cha maji. Pwani kama Mtwara tangi la kompresa hujaa maji upesi.

Usafi. Upepo wa bahari unaingia na mchanga, na gereji ni ya wazi. Kazi ya valvu bodi ilihamishiwa ndani ya chumba kilichofungwa, sakafu ikamwagiwa maji, na hakuna kitambaa cha pamba kilichogusa kitu. Uzi mmoja unatosha kuziba kichujio cha solenoidi. Kabla ya kutenganisha valvu bodi ilipigwa picha kila hatua, kwa sababu vigololi vyake vinadondoka na bolti zake zina urefu tofauti. Zilikazwa Nm 10, za sampu (karai la oili chini ya giaboksi) Nm 7 na kidogo, kwa spana ya kupimia.

Konveta, yaani kiungo kinachopitisha nguvu ya injini hadi giaboksi kwa oili. Ya zamani ilitupwa. Unga wa pleti zilizoungua unakaa ndani ya konveta na hakuna namna ya kuosha ukaisha bila kuikata. Mwenye gari alitaka ya stoli (rpm ambayo injini hufika gari likiwa limezuiwa) ya 4,000 kama magari ya mashindano anayoyaona. Ilichaguliwa ya takriban 2,800. Konveta ya stoli ya juu inateleza sana kwenye mwendo wa mjini, mtelezo huo wote unageuka joto, na gari hili linaishi kwenye mji ambao jua lake la Desemba halihitaji msaada.

Wakati wa kufunga, konveta ilizungushwa huku ikisukumwa hadi ikazama hatua zote na kukamata pampu. Giaboksi ikishagusana na injini, konveta lazima ibaki ikizunguka kwa mkono na iwe na nafasi ya milimita 2 hadi 4 kabla ya kuvutwa kwenye flaiwili. Kama haizunguki, simama hapo hapo. Ukiendelea kukaza bolti unavunja pampu, na utajua ukiwasha.

Kupoza. Oili inapita kwanza kwenye rejeta, kisha kwenye kula (kipoza oili) ya nje iliyofungwa mbele yenye feni yake. Mabomba ya zamani yalioshwa kwa presha pande zote mbili kabla ya kuunganishwa. Mpira uliotumika ni wa haidroliki wenye vifungo vya kusokota. Mpira wa mafuta ya petroli wenye klipu ulikataliwa. Geji ya joto iliwekwa kwenye bomba linalotoka giaboksi, ambako oili bado ni ya moto, haijapozwa.

Usalama. Hapa mwenye gari alisita kulipa, na hapa gereji haikurudi nyuma. Flaiwili ilipooshwa ilionekana na nyufa nyembamba kati ya matundu ya bolti za krenki, ikabadilishwa. Sahani hiyo ikipasuka kwenye rpm 7,000, vipande vinapita sakafuni mwa gari mahali ilipo miguu ya dereva. Swichi ya kuzuia kuwasha gari likiwa kwenye gia ilikuwa imeungwa waya moja kwa moja, ilirudishwa. Liva ya gia ilipata kizuizi cha rivasi.

Chini ya propela lilitengenezwa tanzi la chuma kwa kufuata vipimo vya NHRA, chama kinachosimamia drag nchini Marekani: bamba la unene usiopungua robo inchi na upana wa inchi 2, lizunguke propela yote, lisizidi inchi 6 kutoka krosi (kiungo cha propela) ya mbele. Fundi wa kuchomelea mjini alilimaliza kwa mchana mmoja. Krosi ya mbele ikikatika bila tanzi hilo, propela inachimba lami na gari linaweza kupinduka. Blanketi la kuzuia vipande vya giaboksi, lile la kiwango cha SFI 4.1 (SFI ni taasisi ya viwango vya usalama vya mbio), NHRA hulitaka kwa magari ya sekunde 10.99 au chini. Gari hili liko mbali na muda huo, kwa hiyo liliachwa kwa sasa.

## Majaribio na matokeo

Jaribio la kwanza la gesi kamili lilisimamishwa kwa moshi. Oili ilitoka kwenye tundu la kupumulia la giaboksi na kudondokea bomba la ekzosti. Haikuwaka. Chanzo kilikuwa kupima oili ikiwa ya baridi na kujaza hadi alama ya moto. Kipimo sahihi ni oili ikiwa kwenye nyuzi 70 hadi 80, injini inanguruma, gia zimepitishwa zote kutoka P hadi L na kurudi P, ndipo kijiti kisomwe. Ilitolewa karibu lita moja. Tundu la kupumulia likaungwa mpira uliopandishwa juu hadi kwenye chupa ya kupokea, mbali na ekzosti.

Baada ya hapo gia ya tatu ilishika bila rpm kuruka, na rivasi ikaingia kwa sekunde 1.1. Uwanjani gari lilikimbizwa likiwa na swichi ya O/D (ovadraivu, gia ya nne) imezimwa, ili lisijaribu kuingia ya nne karibu na mwisho wa mbio: kuingia ya nne kunaachia C0 na kushika B0, mabadiliko yasiyo na faida yoyote kwenye mita 402. Joto lilifika nyuzi 104 mwisho wa mbio, na dereva alisubiri lishuke chini ya 80 kabla ya kurudi mstarini.

Sampu ilifunguliwa baada ya miezi michache ya matumizi. Sumaku zilikuwa na unga laini wa kijivu, mwembamba, bila vipande. Oili ilibaki nyekundu.

## Kilichofanikiwa na kilichoshindikana

Geji ya presha ndiyo iliyolipa kuliko kitu kingine chochote. Bila kusoma bar 6.2, gereji ya pili ingeweka pleti za bei kubwa na zingeungua kama zile za kwanza, labda zikichelewa kidogo. Gereji ya kwanza haikukosea ilipotaja C2. Ilikosea kuishia hapo. Pleti iliyoungua inakuonyesha mahali moto ulipowaka, na bado hujajua aliyeuwasha.

Kebo ingeweza kugundulika hata kabla ya injini kuwashwa, siku ile throto ilipobadilishwa. Mtu mmoja akanyage gesi hadi mwisho, mwingine aangalie kizuizi. Hakuna kifaa kinachohitajika, na kwenye kila gari la aina hii lililobadilishwa manifoldi hicho kiwe kipimo cha kwanza.

Springi ngumu ya B2 haikuwa uamuzi mzuri. Kutoka ya kwanza kwenda ya pili gari lilipiga teke mjini hata kwa gesi ndogo, na B2 haikuwahi kuwa na tatizo. Kila teke la namna hiyo linapitia F1, klachi ya njia moja ambayo uchunguzi wake unahitaji kushusha giaboksi nzima. Springi ya kiwanda ilirudishwa kwa B2 peke yake. Ya C2 ikabaki ngumu.

Majaribio ya awali ya mwenye gari, kabla ya gereji ya pili, yalifanyika usiku kwenye barabara kuu. Barabara hiyo ina baiskeli zisizo na taa, bodaboda na watu wanaotoka mashambani, na gari lenyewe halikuwa na tanzi la propela na lilikuwa na flaiwili yenye nyufa. Gereji ilikubali kazi kwa sharti kwamba gesi kamili itatolewa kwenye eneo lililofungwa tu, na sharti hilo liliandikwa kwenye karatasi ya kazi pamoja na bei.

Kilichobaki ni C0. Inabeba injini pamoja na F0 kwenye gia ya kwanza, ya pili, ya tatu na rivasi, na kwa kuwa C2 sasa haitelezi, C0 inaweza kuwa ndiyo itakayofuata kuonja nguvu ya turbo ikiwa presha ya turbo itapandishwa zaidi ya bar 1. Mwenye gari ameshaulizia bar 1.3. Jibu alilopewa ni kwamba geji ya presha ya oili inafungwa tena kabla skrubu ya turbo haijaguswa, na kuanzia hapo blanketi la giaboksi linaingia kwenye bei.